UZI: Wakfu wa mayatima, tuanze na hati na hesabu kabla ya kuzindua jengo

MwanaHati (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Likija suala la wakfu wa mayatima, mazungumzo huishia kwenye fadhila. Fadhila tunazijua. Humu naomba tujadili upande usio na shangwe: hati, wapangaji, matengenezo, na idadi ya watoto ambayo mali inaweza kuibeba. Wakfu wa aina hii mara nyingi haufi kwa kukosa watoaji. Unakufa kwa hati ya mistari mitatu na paa linalovuja ambalo hakuna fungu la kuliziba.

Msingi ni ile ardhi ya Khaybar aliyoipata Umar bin al-Khattab (r.a.). Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka mavuno. Kwa hiyo asili haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Kinachogawiwa ni kile inachozaa tu. Hati yake ilivyopokewa katika hadithi za Abu Dawud ina mambo ambayo hati nyingi za leo hazina. Wanufaika wametajwa kwa makundi. Msimamizi ameruhusiwa kula kwa wema bila kujilimbikizia. Usimamizi umepewa bintiye Hafsa muda wote wa uhai wake, kisha wenye rai katika watu wake. Mwandishi anajulikana, Muayqib, na shahidi anajulikana, Abdullah bin al-Arqam.

Hati yenu basi isipungukiwe na haya: mali yenyewe kwa mipaka na namba ya hati miliki, nani wananufaika na wanakoma lini, mapato yatumike kwa mpangilio gani, mutawalli (msimamizi wa wakfu) ni nani, analipwaje, anaondolewa kwa sababu zipi, na nani anamrithi nafasi, ruhusa au katazo la kubadilisha mali, na mwisho, mapato yaende wapi ikitokea wanufaika hawapo. Hilo la mwisho watu hulicheka ("mayatima wataisha lini?") lakini andika: "wasipopatikana, basi mafakiri wa Kiislamu". Kituo kikifungwa au mji ukihama, kadhi asianze kubahatisha.

Karibuni, wenye ujuzi wa hesabu na wa malezi muongeze.

FaraidhKwanza

Wa alaykum salaam. Kabla ya hati kuna umiliki, na hapa ndipo nyingi huzaliwa zikiwa zimekufa. Mtu anafariki, ndugu wanakaa msibani, mmoja anasema "nyumba hii ya marehemu tuiweke wakfu, thawabu zimfikie". Wote wanaitikia amin. Wamesahau kwamba kuanzia pale roho ilipotoka, nyumba (baada ya madeni na wosia) ni ya warithi.

Chukua mfano: marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, wote wadogo. Igawe nyumba mafungu 32. Mke ana thumni, mafungu 4. Yanabaki 28: wa kiume 14, kila wa kike 7. Mwenye uwezo wa kuweka wakfu hapo ni mke peke yake, na ni kwa yale mafungu yake 4. Yale 28 ni mali ya mayatima. Ami wala babu hana mamlaka ya kuyatoa sadaka kwa niaba yao, hata kama wakfu wenyewe ni wa mayatima! Aya ya 10 ya Suratun Nisaa haikumbagua anayekula mali ya yatima kwa nia njema ya wengine.

Mengine ya kuangalia: nyumba iwe haina rehani, mwenye kuiweka awe baleghe, mwenye akili timamu na hiari yake, na akiwa katika maradhi ya mauti, wakfu unahesabiwa kama wosia, hauvuki theluthi ya mali bila idhini ya warithi. Mali ya ushirika inawezekana kuwekwa wakfu kwa fungu la mmoja, ila usimamizi wake ni kizaazaa. Heri kugawana kwanza.

Bint_Mwandani

Swali kwa mwanzisha uzi. Hati ikisema "kwa ajili ya mayatima" tu, watoto waliotelekezwa wanaingia? Na wale ambao baba yuko hai lakini yuko kifungoni au hajulikani alipo?

MwanaHati

Hawaingii, dada yangu, na hili ndilo kosa la maneno linaloumiza watoto wengi. Yatima kisheria ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Aliyefiwa na mama si yatima kwa maana hiyo. Wa kuokotwa hajathibitika kufiwa. Sharti la mwekaji wakfu likiwa halikwenda kinyume na sheria huchukuliwa kwa uzito kama wa andiko la sheria yenyewe, kwa hiyo mutawalli hawezi kulipanua kwa huruma yake.

Andika: "mayatima na watoto wahitaji, wakiwemo waliotelekezwa, wasiojulikana wazazi, na ambao baba hana uwezo wa kuwatunza kwa maradhi, kifungo au kupotea". Neno "wahitaji" lina kazi mbili hapo. Linawaingiza wasio mayatima, na linawatoa mayatima matajiri, maana wapo walioachiwa mali ya kutosha.

Kisha mwisho wa kunufaika. Uyatima unakoma kwa kubaleghe. Kwa madhehebu ya Shafi na Hanbali, alama za mwili zisipotokea, umri ni miaka 15 ya mwezi mwandamo. Kwa hati iliyosema "yatima" bila nyongeza, mtoto anakatwa akiwa katikati ya sekondari. Hati za vyuo vya mayatima za Cairo enzi za Wamamluki zililijua hili vizuri: zilitaja mkate, nguo, mshahara wa mwalimu, na lini mtoto anapisha mwingine. Sabili (jengo la kugawia watu maji) ya Sultan Qaitbay ya mwaka 1479 ilikuwa na maji chini na darasa juu, yote yakiendeshwa na mapato yaliyopangwa kwa fungu. Ninyi andikeni: "mpaka amalize sekondari au ufundi, au afike miaka 21, lolote litakalotangulia", au mpaka mnaoutaka ninyi. Muhimu uwepo.

DaftariSafi

Nije kwenye hesabu sasa, maana ndiko kunakovuja. Sarafu naiacha makusudi, kila mtu aweke ya kwake. Tuseme wakfu ni jengo la vyumba 8 vya kupangisha, kodi 100 kwa mwezi kila kimoja.

Kodi ya mwaka kwenye karatasi: 9,600
Toa vyumba kukaa wazi na kodi zisizolipwa, sehemu moja ya 12: 800, inabaki 8,800
Toa kodi za serikali na bima: 600, inabaki 8,200
Toa matengenezo ya kawaida (rangi, vitasa, mabomba madogo): 960, inabaki 7,240
Toa akiba ya ukarabati mkubwa: 1,000, inabaki 6,240
Toa mutawalli na mkaguzi wa hesabu: 640, inabaki 5,600
Toa akiba ya kusawazisha, asilimia 10 ya kilichobaki: 560, inabaki 5,040

Mtoto mmoja wa shule ya msingi kwa mwaka (ada, sare, chakula, matibabu) tuseme 420. Kwa 5,040 mnabeba watoto 12. Kamati nyingi huchukua ile 9,600 ya karatasi, zikagawa kwa 420, zikatangaza watoto 22. Mwaka wa kwanza unakwenda, kwa sababu jengo jipya halidai kitu. Mwaka wa nne paa linadai, na watoto 10 wanarudishwa nyumbani.

Ile akiba ya 1,000 haikutoka hewani. Paa la 12,000 linalodumu miaka 20 ni 600 kwa mwaka. Mabomba na nyaya za 6,000 kwa miaka 15 ni 400. Kila mali ina orodha yake. Mwiteni fundi mwenye uzoefu, aandike kila kitu kinachochakaa, kitadumu miaka mingapi, na kukibadilisha ni kiasi gani. Orodha ya ukurasa mmoja inatosha.

Na kifiqhi (kwa sheria ya Kiislamu) matengenezo yanatangulia ugawaji hata kama hati haikutaja. Bila asili hakuna mavuno.

Mpenda_Kheri

DaftariSafi mkuu, nakubaliana na matengenezo. Lakini hiyo "akiba ya kusawazisha" inanikera. Mtoto ana njaa leo, ninyi mnaweka pesa benki? Mwekaji wakfu alitaka mavuno yagawiwe, hakutaka yalimbikizwe.

DaftariSafi

Hoja yako ina mashiko, na jibu lake liko kwenye hati. Isiporuhusu, mutawalli asijitungie akiba isiyo ya matengenezo. Ndiyo maana iandikwe tangu mwanzo pamoja na kikomo: kwa mfano, akiba isizidi matumizi ya watoto ya mwaka mmoja, ikivuka hapo ziada igawiwe ndani ya miezi 12. Bila kikomo hugeuka lundo ambalo kila mwenyekiti mpya analiota.

Lakini tazama upande wa pili. Ulichomwahidi mtoto wa miaka 7 ni deni la miaka kumi na zaidi. Niliowataja 12 nimewapiga kwa gharama za shule ya msingi. Wote wakiwa rika moja, wataingia sekondari pamoja. Gharama ikipanda kutoka 420 hadi 700, mnahitaji 8,400 na mnazo 5,040. Kwa 700 mnabeba 7 tu. Sasa mtawatoa watano gani?

Kwa hiyo ama mchanganye rika kuanzia siku ya kwanza, wawili wawili kwa kila ngazi ya umri, ama muanze na 7. Saba kwa 420 ni 2,940. Zinabaki 2,100 kila mwaka, na hizo ndizo za watu wenye njaa ya leo unaowasema: sare, ada ya mtihani, miwani, upasuaji mdogo, kwa watoto walio nje ya orodha ya kudumu. Msaada wa mara moja, hauna ahadi ya mwakani. Wale saba wakianza kupanda madarasa, fungu la mara moja linapungua taratibu, na hakuna anayefukuzwa.

Mpenda_Kheri

Hapo nimekuelewa. Orodha ya kudumu na orodha ya dharura. Ongezeni basi: mutawalli alipwe asilimia ya nini? Nimeona hati inayosema "asilimia 10 ya kodi".

DaftariSafi

Asilimia ya kodi *iliyokusanywa*, si ya kodi inayodaiwa. Ukilipa kwa inayodaiwa, hana haraka ya kumfuata mpangaji sugu. Kiasi kisipite ujira wa mfano, yaani kile ambacho soko lingemlipa mtu wa kazi hiyohiyo. Na masharti matatu ambayo hayana mjadala: mutawalli asijipangishie mali ya wakfu, asiwapangishie jamaa zake chini ya bei ya soko, asikope kwa jina la wakfu bila idhini ya kadhi au mamlaka husika.

Kalamu_ya_Kadhi

Nidakie hapo kwenye upangishaji. Wizi mkubwa wa mali za wakfu hauhitaji kughushi hati miliki. Unahitaji mkataba mrefu tu. Ukipangisha miaka 50 kwa kodi isiyobadilika, ndani ya muongo mmoja au miwili kodi inakuwa ya kununulia sabuni, mpangaji anapangisha wengine kwa bei ya soko, wajukuu wake wanaanza kusema ni yao. Mafakihi wa Hanafi waliliona zamani. Wakaweka ukomo wa mwaka mmoja kwa nyumba na mitatu kwa mashamba pale mwekaji wakfu asiposema kitu, na kuzidi hapo ni kwa maslahi ya wakfu yaliyothibitishwa.

Mkataba wenu uwe wa miaka isiyozidi mitatu, kodi ipitiwe kila unapohuishwa, mpangaji asipangishe mwingine, na kila alichojenga kibaki kwa wakfu au akiondoe kwa gharama yake. Kabla ya kusaini, pateni makadirio ya kodi kwa maandishi kutoka kwa watu wawili wasio na maslahi.

Kuhusu kubadilisha mali (istibdali): madhehebu ya Shafi yamebana sana. Hanbali wanaruhusu kuuza na kununua nyingine pale manufaa yanapokoma kabisa. Hanafi wanaruhusu kwa sharti la mwekaji au kwa hukumu ya kadhi, bila kupunjika kwa wazi. Ndugu zetu Mashafi wasikwepe jambo hili kwa kunyamaza. Hati itaje ni katika hali gani mamlaka itaombwa idhini, na fedha ya mauzo iende moja kwa moja kununua mbadala, isipite akaunti ya matumizi hata siku moja. Ikishaingia kwenye ada na unga, asili imeliwa.

Bint_Mwandani

Na wakfu wa fedha taslimu? Sisi wengine hatuna majengo, tuna vijisenti tu.

Kalamu_ya_Kadhi

Ni suala la ikhtilafu (tofauti za wanazuoni) ya zamani. Imam Zufar wa Hanafi aliruhusu, Wamaliki wanakubali, na kauli mashuhuri ya Shafi na Hanbali inakataa kwa sababu fedha hainufaishi bila kuondoka mkononi. Dola ya Uthmaniya karne ya 16 iligawanyika juu yake: Abu Suud Efendi, mufti mkuu, aliitetea, Birgivi akaipinga vikali. Mwaka 2004 Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Muscat, lilipitisha kuwa inafaa.

Kivitendo, changeni mpaka mfikie bei ya mali inayozaa, kisha mnunue, na hati itaje kwamba fedha ni njia ya kufikia mali hiyo. Fedha inayokaa kama fedha inaliwa na mfumuko wa bei kimya kimya: namba haipungui, watoto wanaobebwa wanapungua. Mkiiwekeza, sehemu ya faida irudi kwenye asili kila mwaka kufidia mfumuko, na hilo nalo liwe kwenye hati. Riba haina mjadala.

FaraidhKwanza

Na tusichanganye mafungu! Zaka haijengi wakfu kiholela: ina makundi manane ya aya ya 60 Suratut Tawba, na yatima anaipata kwa ufakiri wake, si kwa uyatima. Akaunti ziwe nne: mapato ya wakfu, zaka, sadaka za kawaida, na mali binafsi za mayatima zilizo chini ya uangalizi. Hii ya nne ndiyo hatari kuliko zote, kwani kila senti ina jina la mtoto. Akibaleghe na ukaona uongofu katika kushika mali, anakabidhiwa mbele ya mashahidi kama aya ya 6 ya Nisaa ilivyoagiza. Daftari la kila mtoto liwe lake, si "mayatima jumla".

MleziMtaa

Nazungumza upande wa watoto. Kuna tabia ya kufikiri wakfu wa mayatima lazima uwe bweni. Bweni linakula: wapishi, walinzi, umeme, vitanda. Gharama ya mtoto mmoja bwenini inamtunza zaidi ya mmoja akiwa kwa mama yake au bibi yake. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala ya mwaka 2009 inasisitiza familia kwanza, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 20, unaitaja kafala ya Kiislamu (kumlea mtoto asiye wako) kwa jina. Mtoto mwenye mama hai anayemtaka hapaswi kwenda bwenini kwa sababu ya umaskini wa mama. Mpeni mama chakula.

Utaratibu wa kumpokea mtoto: cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha baba (au barua ya viongozi wawili wa mtaa kama hakuna, huku cheti kikifuatiliwa), kitambulisho cha mlezi, na ziara nyumbani ya watu wawili ambao si ndugu wa familia. Mmoja awe mwanamke. Waangalie analala wapi, nani mwingine anakula kutoka chungu hicho, shuleni anahudhuria siku ngapi kwa wiki. Fomu ya ukurasa mmoja, sahihi tatu.

Malipo: ada ilipwe shuleni moja kwa moja na risiti iwe na jina la mtoto. Chakula kipimwe na kusainiwa na mlezi mwenyewe. Fedha taslimu kwa mlezi iwe kidogo na ya kazi inayojulikana, kama nauli. Kila muhula mtu aende shuleni bila taarifa kuhakikisha mtoto yupo; majina hewa huanzia kwa mtoto aliyehama ambaye hakuna aliyemfuta.

Na picha. Acheni kuwapanga watoto mstari na mabegi mbele ya mabango. Mfadhili anayehitaji uthibitisho apewe ripoti ya hesabu iliyokaguliwa na namba ya mtoto, bila sura wala jina.

Mpenda_Kheri

MleziMtaa, hilo la picha litawaumiza wachangishaji wengi, ila kweli ni kweli.

Swali la mwisho kutoka kwangu. Wakfu uliopo tayari, hati yake ya zamani inasema "mayatima" tu, aliyeuweka ameshafariki. Mlangoni kuna mtoto aliyetelekezwa. Kamati ifanye nini?

Kalamu_ya_Kadhi

Kamati haina uwezo wa kubadilisha sharti, hata kwa kura ya wote. Kuna njia mbili kwa pamoja. Kwanza, fungueni fungu la sadaka lenye akaunti yake, mtoto huyo ahudumiwe kutoka hapo kuanzia sasa. Wala msione haya kuwaambia watoaji kwamba fungu hilo ni la watoto ambao hati ya wakfu haiwafikii. Pili, andikeni maombi kwa kadhi au mamlaka ya wakfu, mkiambatanisha nakala ya hati, hesabu za miaka mitatu, na orodha ya mayatima waliopo. Mkionyesha kwamba mayatima wote wahitaji wa eneo wameshatoshelezwa na mapato yanazidi, anayo nafasi ya kuelekeza ziada kwa kundi lililo karibu zaidi na kusudio la mwekaji. Mkienda bila hesabu, mtarudi mikono mitupu.

DaftariSafi

Na hesabu hizo ziwe na salio la benki la mwisho wa kila mwaka, si jumla zilizopigwa kwa mkono. Nikipata wasaa nitaweka hapa kiolezo cha daftari la mapato kwa kila chumba, inshaallah.